Benchi la Njoo Kesho

Siku alipoingia ofisini kwangu, sikusimama. Kila mtu anayeingia pale mimi husimama kumpokea, hata mwenye kunidai, kwa sababu mama yangu alinilea hivyo. Huyu nilimwacha mlangoni na bahasha yake ya kaki, anapangusa jasho, anatafuta pa kukaa kwa macho, na moyoni nikasema, karibu mzee, nimekungoja sana.

Hakunijua. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Nilifikiri siku tukikutana atashtuka, atatafuta mlango, angalau atameza mate. Wapi! Alinitazama vile mtu anatazama mama yeyote anayeuza nyanya, akaniambia, "Habari madam, nimeelekezwa kwako. Wanasema wewe ndio unasaidia makontrakta kulipwa."

Nina chumba kimoja hapa mjini Thika, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, unapanda kwa ngazi za nje. Ndani kuna meza, printa inayopenda kugoma, birika la umeme na benchi refu la mbao. Wanaonijia ni makontrakta, lakini msifikirie wale wakubwa wa barabara kuu. Wangu ni wa choo cha shule, paa la zahanati, mtaro, maharagwe ya bweni. Mtu anamaliza kazi ya serikali, anapongezwa, anapigwa picha huku mkubwa akikata utepe, halafu pesa haziji. Mimi nampangia karatasi zake: oda iliyompa kazi, cheti cha kamati kwamba kazi imekaguliwa na kukubaliwa, na invoisi. Nazipeleka ofisi ya malipo, nazifuata meza kwa meza mpaka pesa ziingie kwake benki. Watu hudhani kuna mkubwa ananibeba. Hakuna. Kuna jambo moja tu nililojifunza, na aliyenifundisha ni huyo huyo aliyekuwa amesimama mlangoni.

Kabla ya haya yote nilikuwa na bekari. Nilikodi kipembe cha godauni kule Eneo la Viwanda, nyuma ya kiwanda cha nguo, nikanunua oveni kwa mkopo wa chama chetu cha akiba na nikaajiri watu wachache. Mwokaji wangu alikuwa Mwislamu wa hapa hapa Thika, mtu mpole, mikono mikubwa. Mwezi wa Ramadhani alikuwa anafunga na bado anaoka, haonji hata chembe, ananusa tu donge la unga na kusema, "Madam, chumvi imeingia." Na hakuwahi kukosea.

Nikapata tenda ya kupeleka mikate kwenye chuo kimoja cha serikali upande wa Ruiru. Niliimba siku hiyo, haki ya nani. Kila alfajiri mikate ilifika, wanafunzi wakala, chuo kikatia sahihi. Kilichobaki ni kulipwa, na ofisi ya malipo ndiko alikokuwa yeye.

Alikuwa mtu nadhifu, sweta isiyo na mikono, kalamu mbili mfukoni. Hakuwahi kuniambia hapana. Angeniambia hapana ningejua pa kumshikia. Alichukua karatasi zangu kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akatabasamu, akasema, "Mama, njoo kesho." Nikimwuliza juu ya muhuri wa kupokea, anasema uko na mwenzake. Na muhuri uko pale kwenye droo yake, funguo zinaning'inia kwa mshipi wake! Hizo funguo zilifungua droo tu ukishamwona vizuri, na kumwona vizuri nadhani mnajua ni nini.

Na sisi kwenye lile benchi la ofisi yake tulifanya kosa moja sote. Mtu mkubwa akikupokea kwa mikono miwili na kukuita mama, unaona aibu kusimama hapo kudai muhuri kwenye nakala yako, asije akafikiri humwamini. Tunasema asante, tunateremka ngazi. Tunaenda kuwaambia watu nyumbani kwamba karatasi zimepokelewa, na mtu ni mzuri sana. Ngai! Karatasi ambayo huna nakala yake iliyogongwa muhuri haijawahi kupelekwa popote.

Mimi nilimpelekea hata mikate. Kila nikienda, miwili ya maziwa, bado ya moto, nimeifunga vizuri. Sikuiita hongo, niliita adabu, kwa sababu kwetu mtu haendi kwa mwenzake akiwa hana kitu mkononi. Alisema, "Mungu akubariki mama," akaiweka chini ya meza kando ya mkoba wake, na akaniambia nije kesho.

Serikali hufunga mwaka wake mwisho wa Juni. Ambaye hakuingia kwenye malipo kabla ya hapo anatupwa kwenye lile rundo la madeni ya zamani, na watu wamezeeka wakilisubiri. Juni ikafungwa. Nikaenda kumwuliza, na yeye, kwa mdomo ule ule, tabasamu lile lile, akaniambia, "Mama, karatasi zako hapa hatujawahi kuziona."

Aliyeniuzia unga kwa deni hakuwa mtu mbaya, lakini na yeye alikuwa na wadai wake kooni. Alichukua oveni. Mlango wa godauni ulikuwa mdogo, ikabidi wabomoe ukuta kidogo ili itoke, na mwokaji wangu akaingia katikati yao kuwasaidia kubeba, anawaambia polepole jameni, msiikwaruze. Mtu anapoteza kazi na bado anaonea huruma oveni. Mimi nilikaa juu ya kreti tupu nikalia mpaka kamasi.

Baada ya machozi ikaja hasira, na hasira yangu si ya kupita. Nikikasirika, r na l zinabadilishana viti mdomoni mwangu na watoto wangu wanajificha. Niliapa kwamba hakuna mtu mwingine nitakayemfahamu atakayetoka ofisi ile bila muhuri kwenye nakala yake. Nikaanza na jirani aliyekuwa ameuza viti kwa serikali. Nikaenda naye, nikaweka karatasi mbili mezani, nikasema hii ni yenu, hii ni yetu, gongeni hapa. Nikasimama. Nikasimama mpaka wakagonga ili niwaondokee. Jirani akalipwa, akaleta mwingine, na ndivyo nilivyopata kazi ninayofanya mpaka leo.

Ila siku ile ya kwanza niliyoenda na jirani, meza ya yule wa njoo kesho ilikuwa na kijana. Niliuliza yule mzee yuko wapi. Amestaafu, wakaniambia, tulimfanyia sherehe na keki. Nilihisi nimeibiwa mara ya pili. Nilikuwa nimepanga maneno yote ya kumwambia, nimeyarudia nikipika, nikifua, nikiwa kanisani wakati wa maombi, na sasa sina wa kumwambia.

Kwa hivyo mnaelewa kwa nini sikusimama.

"Karatasi zako ziko wapi?" nilimwuliza.

"Nilizipeleka."

"Nakala iliyogongwa muhuri?"

Akakuna shingo. "Madam, wale ni vijana wangu. Mimi ndio niliwafunza hiyo kazi. Kijana alizipokea vizuri kabisa, kwa mikono miwili, nikaona haifai nianze kumwuliza mambo ya muhuri. Sasa wananiambia hawajaziona. Simu hawashiki."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, na watu wawili waliokuwa kwenye benchi wakaanza kucheka pia bila kujua ni nini. Yeye alisimama tu na bahasha yake.

Baada ya kustaafu alikuwa amejifanya kontrakta, kwa vile aliona zamani pesa zilivyokuwa zikipita mezani kwake. Alipata kujenga ukuta na vyoo vya shule moja ya serikali kule Mugutha. Alichukua mkopo na kuweka dhamana nyumba yake ya Ngoingwa, ile ya kuishi, hakuwa na nyingine. Ukuta uliisha, vyoo viliisha, watoto wanavitumia. Benki ilikuwa imechoka naye. Walimwambia malipo yakipitishwa kabla ya serikali kufunga mwaka watamngoja, yasipopitishwa nyumba inaenda mnadani. Na Juni ilikuwa imeshaanza kuzeeka.

"Unaweza kunisaidia?" akaniuliza.

Nikamwangalia. Nikasema, "Njoo kesho."

Jameni, neno tamu! Sikujua ni tamu hivyo. Alikuja kesho yake, nikamwonyesha mwisho wa benchi, nikahudumia wengine wote kwanza, hata waliokuja nyuma yake. Jioni nikamwambia aje kesho. Akaja tena. Gari lake kubwa jeupe alikuwa analiegesha hapo chini na kunisalimia kwa adabu, madam habari ya asubuhi, na mimi najibu nikiwa nimegeukia printa. Nilikuwa nimeshaamua. Nilitaka aone cha mtema kuni. Ningemzungusha hivyo hivyo mpaka Juni ifungwe, halafu nimwambie kwamba karatasi zake hapa kwangu hatujawahi kuziona.

Aliyeniharibia mpango wangu ni mwokaji.

Yeye hupitia kwangu mara kwa mara, tunakunywa chai, tunaongea habari za zamani. Asubuhi hiyo alikuja kabla ya watu, viatu vimejaa saruji kavu, amekonda. Nikamwuliza anafanya nini siku hizi. Akasema anachanganya saruji na kubeba mawe, alikuwa kwenye kazi fulani ya ukuta wa shule kule Mugutha, lakini tajiri bado hajawalipa. Mwenye nyumba wake ameweka kufuli lake juu ya kufuli la mlango. Analala kwenye stoo ya kazi, juu ya mifuko ya saruji.

"Tajiri wenu ni nani?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Mzee mmoja wa Ngoingwa. Alikuwa serikalini. Anasema analipwa kesho."

Hakujua ni yule wa ofisi ya malipo. Mambo ya ofisi nilikuwa nayashughulikia mwenyewe, yeye alikuwa na oveni yake. Nami sikumwambia. Nilimwongezea chai, nikamkatia mkate. Kumbe nikiiacha faili ile izame, anayezama nayo ni huyu, mara ya pili, kwa mtu yule yule, na mara hii msukumaji ni mimi. Aka! Nilimtukana yule mzee kimoyomoyo matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hata kisasi changu alikuwa amekikalia.

Mzee alipofika saa hiyo ya asubuhi na salamu zake, nilimwita mbele ya meza.

"Nitaichukua kazi yako," nikamwambia. "Lakini kwanza unalipa watu wako wa Mugutha. Wote, mpaka wa mwisho, na wanipigie simu wenyewe waniambie wamelipwa."

"Madam, nitatoa wapi? Si ndio hizo pesa ninazongoja?"

"Gari ni la nani hapo chini?"

Akachungulia dirishani, kama gari lingemwambia la kufanya. "Hicho ndicho kitu cha mwisho nimebaki nacho," akasema.

"Mimi pia nilikuwa na kitu cha mwisho," nikasema. Hakuuliza ni nini.

Aliuza gari. Siku iliyofuata alikuja kwa boda boda, suruali ina vumbi mpaka magotini, na simu zikaanza kuniingia kutoka Mugutha, moja baada ya nyingine. Mwokaji alipiga mwisho. Aliniambia mwenye nyumba ameondoa kufuli, akacheka, akasema leo analala kitandani kama binadamu. Nikamwambia alale mpaka achoke.

Hapo basi hakukuwa na mtu katikati. Ilikuwa ni mimi na mzee. Nilimtuma kila mahali atafute karatasi upya: nakala ya oda, sahihi za kamati ya ukaguzi, na mtu mmoja wa kamati alikuwa amehamia mbali ikabidi amfuate huko. Alizileta zote. Nikamwambia, "Sasa zikiwa kwangu usikanyage ile ofisi. Wakiona mwenyewe anahangaika wanaanza kunusa." Hiyo ni kweli, huwaambia watu wote. Akakubali, kinyonge.

Jumamosi na Jumapili nzima karatasi zake zilikuwa kwenye droo yangu. Nilikuwa nimezifungia. Nilienda kanisani, nikarudi, nikapika, nikijua ziko pale. Hakuna ambaye angenilaumu. Ningesema tu ofisi imekataa, na hiyo ofisi imekataa wangapi? Mwokaji ameshalipwa. Ningebaki na mikono safi na nyumba ya Ngoingwa ingepigiwa nyundo, nami ningeenda mnadani kuangalia, ningevaa lile gauni langu la harusi za watu.

Sitawadanganya kwamba nilipata huruma. Kilichonishinda ni kiburi. Tangu nianze kazi hii hakuna karatasi niliyoishika mimi ikakosa kuingia kabla ya Juni kufungwa, hata moja, na sikuwa tayari huyo mtu ndiye aje kunichafulia jina. Bekari yangu alikula. Hii hapana, hii hangekula. Jumatatu nilikuwa mlangoni mwa ofisi ya malipo kabla ya askari kufungua. Niliweka karatasi mbili mezani mbele ya kijana wake. "Hii yenu, hii yetu, gonga hapa." Nikasimama. Akanijua, akagonga. Nikazifuata meza kwa meza wiki hiyo yote, nikagombana na wawili, na malipo yakapitishwa siku moja kabla ya ile ya mwisho. Pesa zilibaki kutembea tu mpaka benki.

Sikumwambia.

Siku ya mwisho ya Juni alikuja asubuhi, akakaa mwisho wa benchi. Hakula mchana. Watu waliingia na kutoka, yeye yuko hapo, mikono katikati ya magoti. Jioni nilifunga madirisha, nikachukua mkoba, naye akasimama.

"Madam, imepita?"

Nilitabasamu. Nilijaribu kutabasamu vile alivyokuwa akitabasamu yeye. "Mzee," nikasema, "njoo kesho."

Nilimwona akielewa. Hakuna mtu Thika nzima aliyejua kuliko yeye kesho ya siku hiyo ni nini. Akashuka ngazi akishika ukuta. Nami nilikwenda nyumbani, nikala ugali na sukuma, nikalala usingizi mzuri sana, ule ambao sikuwa nimeulala tangu oveni ilipotoka.

Asubuhi walikuja wawili.

Mke wake sikuwa nimemwona hata siku moja. Alikuwa mama wa umri wangu, leso kichwani, viganja vimechubuliwa na kamba. Hakukaa. Alinisalimia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, nisamehe kukuja bila kuitwa. Nimefunga vyombo usiku wote. Nataka tu kuuliza, kwa sababu wewe unajua hivi vitu. Madalali wakikuja wanakubali tubebe jiko, ama na lenyewe wanachukua?"

Niliona ule ukuta wa godauni, na tundu lililobaki.

"Hakuna atakayechukua jiko," nikasema. Nikatoa nakala yenye muhuri kwenye droo, nikamwekea yeye mkononi, si mumewe. "Malipo yalipitishwa juzi. Mpeleke benki leo, waone. Fungueni vyombo."

Mama aliketi hapo hapo sakafuni. Mzee alikuwa ananiangalia.

"Juzi?" akasema. "Na jana ukaniambia..."

"Nilikuambia uje kesho. Umekuja."

"Mimi nilikukosea nini, madam?"

"Mikate miwili ya maziwa," nikamwambia. "Kila nilipokuja kwako. Ulikuwa unaiweka chini ya meza, kando ya mkoba."

Sasa ndipo aliponijua. Kumbukumbu ilimpanda usoni polepole, mpaka masikio. Nilikuwa nimeungoja uso huo miaka yote hiyo, na nikauangalia bila haraka.

Lakini mke wake alikuwa ameinua kichwa. "Mikate gani?" akamwuliza mumewe. "Ile? Si ulikuwa unatuambia unanunua?" Akanigeukia mimi. "Ilikuwa ni yako? Woi, mama! Watoto wangu walikuwa wanapigania ile sehemu ya juu. Ilipokatika waliniuliza sana."

Nilisimama. Nilizunguka meza, nikamshika mkono ule uliochubuka, nikamwinua, nikamkalisha kwenye kiti changu mimi. Nilimwambia anisamehe kwa ule usiku wa vyombo, kwamba wewe sikukuhesabu, mama, nilikuwa nahesabu mtu mmoja. Akanisamehe hapo hapo, huku analia, hata bila kuelewa yote. Nikawasha birika.

Mumewe bado alikuwa amesimama. Benchi lilikuwa tupu, lakini sikumwambia akae. Aliondoka siku ile bila kuniambia pole, na mpaka leo tukikutana kule Ngoingwa ananiachia njia, mimi napita. Wanasema anataka kuja kuniomba msamaha ila anaogopa. Aje tu. Nitampokea kwa mikono miwili, nitamwita mzee, na nitamwambia aje kesho.